Isikilize Kabla ya Kuinunua: Kompyuta ya Mtu Asiyeona

Mazungumzo kwa wakaazi wa Asembo Bay, Kaunti Ndogo ya Rarieda, kuhusu kuchagua kompyuta na mfumo endeshi unaomfaa mtu asiyeona

Mazungumzo yaanze na jambo ambalo kila mtu hapa amewahi kulishuhudia.

Mzee ameketi kivulini ufuoni, omena zimeanikwa kwenye nyavu mbele yake. Simu inalia mlio wa ujumbe. Mzee haoni. Anamwita mjukuu. Mjukuu anasoma: pesa zimeingia kutoka Nairobi. Mzee anataka kumtumia mwenye boti sehemu ya pesa hizo, kwa hivyo mjukuu anabonyeza namba, na inapofika mahali pa PIN, mzee anaitaja. Anaitaja kwa sauti, ufuoni, penye watu. Mara nyingi mjukuu huwa mwaminifu. Siku asipokuwa mwaminifu, mzee hana njia ya kujua, kwa sababu hata salio husomewa na mjukuu yule yule.

Na si pesa tu. Barua ya hospitali yenye matokeo ya uchunguzi, mkataba wa mkopo, ujumbe wa mchumba, matokeo ya mtihani wa kidato cha nne: mtu asiyeona husomewa yote hayo, na anayesoma hujua kabla ya mwenyewe. Simu au kompyuta inayosema humwondoa huyo mtu wa katikati. Ndiyo sababu habari ya mfumo endeshi, ambayo inasikika kama mambo ya mafundi wa Kisumu, imeletwa hapa Asembo Bay.

Mfumo endeshi ni ile programu kuu inayoamsha kompyuta na kuzisimamia programu nyingine zote. Windows ni mfumo endeshi. macOS ya kampuni ya Apple ni mwingine, Linux ni mwingine, na Android iliyo kwenye simu nyingi mlizonazo mifukoni ni mwingine. Mtu anayeona anaweza kuhama kutoka mmoja hadi mwingine akalalamika siku mbili, kisha akazoea. Kwa asiyeona mambo ni tofauti, na ni vizuri kuelewa kwa nini.

Mtu asiyeona hutumia kompyuta kwa msaada wa programu ya kusomea skrini. Programu hiyo haitazami skrini jinsi jicho linavyotazama. Huuliza mfumo endeshi: mtumiaji yuko wapi sasa? Mfumo hujibu: yuko kwenye kitufe, na jina lake ni "Hifadhi". Hapo ndipo sauti hutamka. Kama mfumo endeshi haujibu vizuri, au aliyetengeneza programu hakukipa kitufe jina, msikilizaji husikia tu "kitufe, kitufe, kitufe". Ni kama mgeni aliyefikishwa soko la Aram akaambiwa "kibanda, kibanda, kibanda" bila kuelezwa ni kipi kinachouza sukari. Kwa hivyo uzuri wa mashine kwa mtu asiyeona haumo kwenye kioo wala kwenye rangi ya mfuniko. Umo katika mazungumzo haya kati ya mfumo na programu ya kusoma.

Kipanya nacho hakina kazi kwake, maana mshale wake hauonekani. Kazi yote hufanywa kwa kibodi: kitufe cha Tab cha kurukia sehemu inayofuata, mishale ya kupanda na kushuka, na vifupisho vingi ambavyo mtumiaji hujifunza hadi vidole vikavijua vyenyewe. Akihama mfumo endeshi, vifupisho hubadilika karibu vyote. Mtu aliyetumia mwaka mzima kuzoea mmoja, ukimpa mwingine umemrudisha darasa la kwanza.

Kosa kubwa huanzia hapa. Familia hufanya harambee kwa ajili ya kijana asiyeona aliyepata nafasi chuoni. Jamaa walio mjini huchangia, mmoja wao huingia dukani na kununua laptopu nzuri, yenye jina, inayong'aa. Hufika nyumbani kwa shangwe na picha hupigwa. Kijana hakuulizwa, na wala hakuigusa kabla ya pesa kutoka. Baada ya mwezi inabainika kwamba mwalimu wake anajua mfumo mwingine, vifupisho alivyofundishwa havifanyi kazi humo, na chuo kinataka kazi ziandikwe kwa programu ambayo hawezi kuiendesha kwenye mashine hiyo. Laptopu inakuwa ya binamu kutazamia filamu. Waliochanga hawakosi nia njema, lakini pesa imekwenda, na harambee ya pili kwa jambo lile lile ni ngumu kuitisha.

Basi kipi kinunuliwe? Kwa mwanafunzi, mtafuta kazi au karani asiyeona wa hapa Rarieda, jibu litakalofaa mara nyingi zaidi ni Windows pamoja na programu ya NVDA. Sababu zake ni za kawaida sana: kompyuta za Windows ndizo zilizojaa ofisini, vyuoni na kwenye saiba, fundi wa Bondo au Ndori anaijua, na NVDA hailipiwi hata shilingi.

Historia ya NVDA ni fupi na inafaa kujulikana. Mwaka 2006, kijana wa Australia aitwaye Michael Curran, ambaye haoni, alianza kuiandika kwa sababu aliona si haki mtu asiyeona alipie programu ya kusomea skrini bei inayoshinda ya kompyuta yenyewe. Mwenzake James Teh, naye haoni, alijiunga naye. Walikuwa wamefahamiana utotoni kwenye kambi ya muziki. Wakaunda shirika la NV Access, na hadi leo programu hiyo hutolewa bure, na yeyote anayejua kuandika programu anaweza kuifungua aone ilivyoundwa na kuiboresha. Imetafsiriwa katika lugha nyingi na watu wanaojitolea.

Kabla yake ilikuwapo JAWS, na bado ipo. Aliyeianzisha ni Mmarekani Ted Henter, mwendeshaji wa pikipiki za mashindano aliyepoteza uwezo wa kuona katika ajali ya gari mwaka 1978. JAWS ya kwanza ilitoka 1989. Ni programu imara, waajiri wakubwa duniani huinunua, na kuna kazi za ofisini ambazo bado inazifanya vizuri kuliko wengine. Lakini ina leseni ya kulipia. Bila leseni hufanya kazi kwa dakika 40, kisha lazima kompyuta izimwe na kuwashwa upya. Hapo ndipo huja fundi mwenye "dawa", anayekuwekea nakala ya wizi kwa bei ya chakula cha mchana. Nakala hizo huvunja sheria na mara nyingi huja na virusi, na zikikatika katikati ya mtihani hakuna wa kumlalamikia. Mtu ambaye anaweza kupata NVDA bure na kihalali hana haja ya kuingia katika shida hiyo.

Windows yenyewe pia huja na kisomaji chake kiitwacho Narrator. Zamani kilikuwa kidogo sana, watu wakikitumia kupakua NVDA tu na kukisahau. Siku hizi kimeimarika. Faida yake kuu ni kwamba kimo tayari ndani ya kila kompyuta ya Windows: bonyeza kitufe cha Windows, Ctrl na Enter kwa pamoja, na mashine itaanza kusema. Kumbukeni vitufe hivyo vitatu, maana vitarudi hapa chini kwenye habari ya dukani.

NVDA ina jambo jingine ambalo kwa watu wa hapa lina thamani kuliko yote. Inaweza kuwekwa kwenye flashi. Kijana asiyekuwa na kompyuta kabisa anaweza kubeba flashi mfukoni, akaingia saiba, akaichomeka kwenye mashine yoyote ya Windows inayoruhusu, akavaa vipokea sauti vyake na kufanya kazi, kisha akaichomoa na kuondoka bila kuacha kitu. Ina mipaka: nakala ya flashi haisomi mahali pa kuingizia nywila wakati kompyuta inawaka, wala yale maonyo yanayoomba idhini ya msimamizi wa mashine. Hata hivyo, kwa yule anayejaza fomu za eCitizen au kutafuta kazi, flashi moja inatosha kuanzia, na familia inaweza kupima kama kijana anaweza na anapenda kabla ya kufikiria kununua laptopu.

Kuhusu lugha, ukweli usemwe. Sauti inayokuja na NVDA, iitwayo eSpeak NG, ina Kiswahili ndani yake. Ni sauti ya roboti. Anayeisikia mara ya kwanza hukunja uso. Wazoefu huipenda kwa sababu hubaki ikieleweka hata inapokimbia kwa kasi ambayo mwenye macho hawezi kufuata neno hata moja. Dholuo haimo. Sauti ya Kiingereza ikikutana na majina ya hapa huyavunja mifupa. Jaribuni "Nyang'oma" mtacheka. Njia ya mkato ni kubadili sauti iwe ya Kiswahili unaposoma maandishi ya Dholuo, kwa kuwa irabu zake hutamkwa karibu na zinavyoandikwa. Haisomi sawasawa, lakini mtu wa nyumbani hukisia yaliyobaki.

Mifumo mingine isidharauliwe, ila isemwe kwa ufupi. Apple waliweka VoiceOver ndani ya kompyuta zao mwaka 2005, na kwenye iPhone mwaka 2009, bila malipo ya ziada. Ni kazi nzuri sana na mtu asiyeona anaweza kuifungua mashine mpya na kuiandaa mwenyewe bila msaada. Bei ya mashine ndiyo ukuta, pamoja na uhaba wa mafundi. Ikiharibika hapa Asembo, itapanda matatu kwenda mbali. Linux ina kisomaji kiitwacho Orca, bure, na huamka hata kwenye mashine zilizozeeka ambazo Windows mpya inazikataa. Inamfaa aliye na rafiki wa karibu anayeijua Linux, mathalani mwanafunzi wa teknolojia pale Chuo Kikuu cha Jaramogi Oginga Odinga, Bondo. Asiye na rafiki huyo asiiguse, maana siku sauti itakaponyamaza baada ya masasisho atakuwa gizani mara mbili. Chromebook nazo huja na kisomaji chake, lakini mashine hizo hutegemea mtandao kwa mambo mengi, na bando si bure.

Katika uchunguzi wa WebAIM, shirika la Marekani linalowauliza watumiaji wa visomaji skrini maswali haya mara kwa mara, majibu ya mwishoni mwa 2023 na mwanzoni mwa 2024 yalionyesha kwamba zaidi ya wanane kati ya kumi walitumia Windows, na JAWS na NVDA zikashindana kwa karibu mbele ya nyingine zote. Wengi waliojibu ni wa nchi tajiri, ambao wangeweza kununua chochote. Maana yake, anayechagua Windows na NVDA hapa Asembo hachukui masalio ya maskini.

Kuna watu ambao hawahitaji kompyuta kabisa. Yule mzee wa ufuoni anahitaji simu. Simu ya kabambe, hata iwe imara vipi, kwa kawaida haimsomei ujumbe wake. Simu ya Android, hata ya bei ya chini, ina TalkBack. Kwenye simu nyingi, bonyeza vitufe viwili vya sauti kwa pamoja, vishikilie sekunde tatu hivi, nayo itaanza kuzungumza. Kuanzia hapo matumizi hubadilika: ukigusa mara moja inakutajia jina la kitu, ukigusa mara mbili haraka ndipo inafungua. Jamaa wengi huogopa wakidhani simu imeharibika. Haijaharibika, vishikilie tena vitufe vile vile, itanyamaza. Sauti ya Google ina Kiswahili, na ni laini kuliko ile ya roboti. Mzee avae kipokea sauti sikio moja, sikio la pili alibakize kwa wanaomsalimu na kwa pikipiki.

Kwa mzee huyo liongezwe neno moja la afya, kwa sababu kabla ya kumnunulia kitu ni lazima daktari wa macho amwone. Mtoto wa jicho huondolewa kwa upasuaji mfupi, na mtu akaona tena. Si vizuri kumfundisha mtu TalkBack ilhali alihitaji kitanda cha hospitali asubuhi moja tu. Glakoma ni kinyume chake: kilichopotea hakirudi, lakini kilichobaki kinaweza kulindwa akiwahi. Hospitali ya rufaa ya Jaramogi Oginga Odinga mjini Kisumu na hospitali ya macho ya Sabatia, Vihiga, si mbali. Na mwenye uoni hafifu, anayeona kidogo, huenda akahitaji ukuzaji tu: kwenye Windows, kitufe cha Windows pamoja na alama ya kujumlisha hukuza kila kitu skrini nzima.

Sasa dukani. Wengi watanunua kompyuta ya mtumba, na hakuna aibu hapo. Ila mwaka huu kuna mtego. Microsoft ilikomesha masasisho ya kawaida ya usalama ya Windows 10 tarehe 14 Oktoba 2025. Mashine nyingi za mitumba zilizopo madukani ni za zamani kiasi kwamba hazikubaliki rasmi kupokea Windows 11. Muuzaji atakuambia, "Mama, hii bado mpya, ina miaka mingi mbele." Muulize swali moja: ina prosesa ya kizazi cha ngapi? Kwa prosesa za Intel, kizazi cha nane kwenda juu ndicho kinachokubaliwa na Windows 11, isipokuwa chache. Kama ni cha nne au cha sita, hiyo bei ishuke sana, au uondoke.

Uliza pia kuhusu diski. Iwe ya SSD, na kumbukumbu iwe GB 8 ukiweza. Kwa anayeona, kompyuta inayojivuta ni kero. Anatazama kile kiduara kikizunguka na anajua asubiri. Asiyeona husikia kimya tu. Hajui kama mashine inafikiri, imekwama, au imezimika. Hubonyeza tena, na tena, na amri zote hizo zinafika kwa pamoja na kuharibu kazi. Kasi kwake ni njia ya kujua yuko wapi.

Kinachoweza kupuuzwa ni uzuri wa kioo. Laptopu yenye ufa kwenye skrini, ambayo wengine wanaikimbia, inaweza kuwa bahati ya mtu asiyeona, kwa bei nafuu. Isiwe imekufa kabisa, maana mwalimu au fundi atahitaji kuona siku moja. Kibodi isipuuzwe hata kidogo: pitisha vidole juu ya kila kitufe, kisiwepo kinacholegea wala kinachoshika, na tundu la vipokea sauti liwe zima. Na iwe laptopu, isiwe ya mezani. Stima ikipotea, na hupotea, kompyuta ya mezani hufa bila kuaga, na asiyeona hatambui kama ni sauti iliyoharibika au ni giza la kijiji kizima.

La muhimu kuliko yote, mwenye kuitumia awe dukani mwenyewe. Kaka asimwakilishe, wala mwalimu mkuu. Aketi, abonyeze vile vitufe vitatu, kitufe cha Windows, Ctrl na Enter, na asikilize. Kisha afanye ile kazi atakayoifanya kila siku: aandike barua, aihifadhi, aitafute tena, afungue tovuti anayoihitaji. Muuzaji akisema hana muda wa mambo hayo, maduka Kisumu ni mengi.

Swali linalofuata ni nani atamfundisha, na kwa kweli lilipaswa kuulizwa kabla ya bei. Kompyuta bila mwalimu ni boti bila kasia. Katika kaunti hii ipo shule ya wasioona ya St. Oda, Aluor, kule Gem. Kisumu kuna Kibos. Ng'ambo ya ghuba, Homa Bay, kuna taasisi ya kiufundi ya Sikri kwa wasioona na viziwi, na mbali zaidi ipo ya Machakos. Kabla ya kununua, fika au piga simu mahali ambapo kijana atajifunzia na uulize: wanatumia mfumo gani, programu gani ya kusoma? Kisha ununue kinachofanana na chao. Hata kama fundi fulani anakushawishi kwamba kingine ni bora zaidi, anayeweza kumsaidia kijana saa mbili usiku kazi ya chuo ikigoma ndiye mwenye uzito, na huyo atakuwa mwenzake au mwalimu wake.

Kujifunza kuna hatua zake na hakuharakishwi. Kwanza kuchapa bila kutazama, jambo ambalo wanaoona wengi hawaliwezi. NVDA ina namna ya mazoezi: shika kitufe cha Insert na ubonyeze 1, na tangu hapo kila kitufe utakachogusa kitajitaja jina bila kufanya lolote. Mtoto anaweza kucheza hivyo wiki nzima bila kuharibu kitu. Baadaye barua, baadaye tovuti. Wazazi wasikate tamaa mwezi wa kwanza. Na wasiache breli kwa sababu mashine inasema. Anayesikiliza tu hujua neno linavyosikika, lakini tahajia yake, na mahali pa koma, huvijua kwa vidole.

Upande wa wanaoona nao una deni. Mtu anaweza kuwa na mashine bora na mafunzo kamili, kisha akatumiwa tangazo la kazi ambalo ni picha ya karatasi iliyopigwa kwa simu na kurushwa kwenye WhatsApp. Programu ya kusoma huikuta picha na kusema "picha". NVDA inaweza kujaribu kutambua maandishi ndani ya picha, kwa Insert na herufi R, na husaidia, lakini muhuri uliofunika maneno na mwandiko wa mkono huishinda. Hati za PDF zilizopigwa skani ni vivyo hivyo. Ofisi, shule, kanisa au chama kinachotangaza jambo kinaweza kutuma maneno yenyewe yakiwa yamechapwa, pamoja na ile picha kwa wanaoipenda. Haigharimu chochote. Ofisi za umma, na za kaunti zimo, zina mengi ya kurekebisha hapa, na mkaazi anayepokea hati asiyoweza kuisoma ana haki ya kuirudisha na kudai nyingine.

Haki hiyo imeandikwa. Kifungu cha 54 cha Katiba ya 2010 kinampa mtu mwenye ulemavu haki ya kupata habari kwa njia inayomfaa, kutumia breli na njia nyingine za mawasiliano, na kupata vifaa vya kumwezesha kushinda vizuizi vya ulemavu wake. Bunge limepitisha Sheria ya Watu Wenye Ulemavu ya 2025 kuchukua mahali pa ile ya 2003. Tangu 2022 nchi ina hata kiwango rasmi, KS 2952, kinachoeleza jinsi vifaa na huduma za teknolojia zinavyopaswa kutumika na watu wenye ulemavu. Karatasi hizi haziji nyumbani zenyewe. Anayetafuta msaada wa kifaa aanze kwa kusajiliwa na Baraza la Kitaifa la Watu Wenye Ulemavu, jambo linaloanza na uchunguzi wa daktari katika hospitali iliyoidhinishwa. Baraza hilo lina hazina ambayo husaidia kwa vifaa na karo. Na katika fomu, mahali pa kueleza kifaa kinachoombwa, msiandike "kompyuta" tu. Andikeni "laptopu yenye Windows 11, diski ya SSD, NVDA ikiwa imewekwa, pamoja na vipokea sauti". Anayeandika "kompyuta" hupewa kompyuta, iwe inamfaa au haimfai.

Pale mezani kuna laptopu mbili za Windows, moja ina NVDA na nyingine Narrator, na simu moja ya Android yenye TalkBack. Skrini za laptopu zimezimwa makusudi, kwa hivyo anayeona asijisumbue kuchungulia. Walioleta flashi wataondoka na NVDA ndani yake. Wasioona watangulie kujaribu, na jamaa waliokuja nao wakae nyuma kidogo, mikono mbali na kibodi.